Barua Iliyobandikwa Kichwa Chini

Yustasi Kahigi alirudishwa kutoka hospitali siku ya Jumatano, amelazwa kiti cha nyuma cha gari la kukodi, miguu imevimba hadi ngozi inang'aa. Daktari, kijana wa watu, alieleza vizuri tu: mgonjwa anywe dawa hizi za kutoa maji mwilini, apunguze chumvi, arudi baada ya mwezi. Lakini sisi watu wa Kamuli hatusikilizi daktari, tunaangalia miguu. Tulishawaona waliorudishwa wamevimba namna ile, na wote tulishawazika. Gari lilipokata kona kuingia kwenye migomba yake, mtu alishatumwa kuazima mabenchi ya kanisa. Kabla jua halijashuka vijana wa ukoo walikuwa wanafyeka uwanja huku wakiulizana kwa sauti ya chini ni mikungu ipi ikatwe mapema.

Yustasi aliwasikia wakifyeka wala hakuchukia. Alimwita mkamwana wake, Vero, mke wa mwanawe Gosbert. Gosbert ni mhudumu wa ofisi kule Rubwera na hurudi nyumbani Jumamosi, kwa hiyo Vero ndiye anayeshinda pale na wakwe zake. Huyu binti alimaliza kidato cha nne na ana mwandiko mzuri, na hapa kwetu mwenye mwandiko mzuri hapumziki. Mihtasari ya vikundi ni yeye, barua za posa ni yeye, historia za marehemu ni yeye.

"Lete daftari jipya," Yustasi alimwambia. "Historia yangu nitaisema mwenyewe. Baba yangu walimsomea ya dakika mbili, wakakosea hata mwaka wa kipaimara."

Hakuna anayezikwa huku bila historia yake kusomwa mbele ya watu: alizaliwa lini, alibatizwa wapi, alimwoa nani, ameacha watoto wangapi, ameugua nini. Kwa wengi wetu ndiyo siku pekee ambayo maisha yetu husemwa kwa mfululizo, mwanzo hadi mwisho, na mwenyewe amelala ndani ya sanduku hawezi kumkatiza msomaji. Yustasi hakutaka kubahatisha. Kwa siku mbili alisema na Vero akaandika, huku Placida, mke wake, akiingia na kutoka na beseni la maji, anamgeuza, anamsafisha, anamlisha uji. Mgonjwa hakushusha sauti hata mara moja mkewe alipoingia.

Na kwa nini aishushe? Habari ile tuliijua sote. Mwaka 1988 Yustasi alikuwa na miaka ishirini na miwili, ana miezi mitatu tangu aoe, akachaguliwa kwenda chuo cha ualimu. Barua ya kumwita ikaja. Placida, ambaye wakati huo hakuwa amekanyaga darasani, alikuwa anabandika magazeti ya zamani ukutani kwa uji wa muhogo ili chumba kionekane safi. Akaibandika na barua, tena kichwa chini. Yustasi alipokuja kuiona siku zilishapita. Basi akabaki na jembe. Aliisimulia kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye harusi, kwenye foleni ya kuuza kahawa, na kila baya lililompata alilitundika kwenye barua hiyo. Kahawa ikianguka bei, barua. Gosbert alipofeli, barua. Bati likivuja juu ya kitanda, Placida alijua kitakachosemwa kabla hajainuka kwenda kutafuta ndoo.

"Andika kwamba marehemu angekuwa mwalimu mkuu," Yustasi alisema.

"Niandike 'angekuwa', baba?"

"Andika. Hata mratibu wa elimu angekuwa."

Vero akaandika.

Jumamosi alasiri nyumba ilijaa. Mzee wa kanisa Kamugisha alikuja na wanawake wa kikundi kuomba na mgonjwa. Nyasi mbichi zilikuwa zimetandazwa sebuleni, na kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna kikapita mkono kwa mkono. Gosbert alikuwepo, amesimama karibu na mlango, macho mekundu. Placida alikuwa jikoni anamenya ndizi za wageni, kwa sababu hata watu waliokuja kukuaga wanakula.

Baada ya sala Yustasi akaomba historia yake isomwe, aisikie, arekebishe. Watu waliangaliana. Hakuna aliyewahi kuona jambo kama hilo, lakini nani atamkatalia mtu aliye katika hali ile? Vero alisimama na daftari akaanza kusoma. Alizaliwa, alibatizwa, alisoma. Alipofika mwaka 1988 aliruka mistari kumi na miwili akaangukia kwenye kuzaliwa kwa Gosbert.

"Umeruka," sauti ilitoka kitandani.

Vero alirudi akasoma yote, uji wa muhogo na ukuta na kichwa chini, huku akiyaangalia maandishi yake mwenyewe kama ya mtu asiyemfahamu. Alipomaliza, Yustasi aliinua mkono. Alisema hataki kwenda na kinyongo. Aliuliza mke wake yuko wapi.

Kamugisha mwenyewe alitoka kwenda kumwita jikoni. Placida aliingia na mikono yake myeusi kwa utomvu, akaambiwa apige magoti kando ya kitanda, akapiga.

"Mama Gosbert," Yustasi alisema, "uliniharibia maisha. Lakini leo, mbele ya mashahidi hawa, nimekusamehe."

Mzee Kamugisha akamwinamia Placida na kumnong'oneza aseme neno. Placida alimtazama mumewe kwa muda mrefu. Alikuwa na neno, alikuwa nalo miaka thelathini na sita, fupi tu, lisingechukua hata pumzi mbili. Kisha akaiona ile miguu chini ya blanketi, akajiuliza anashindana na nani.

"Nashukuru," alisema.

Wanawake waliangua kilio. Placida akanyanyuka, akarudi jikoni, maana ndizi zilikuwa hazijatosha sufuria.

Sasa, mtu yule hakufa.

Dawa zilifanya kile alichosema daktari. Yustasi alikojoa wiki nzima mpaka Placida akachoka kumwaga ndoo, na miguu ikasinyaa, na wiki ya tatu akatoka mwenyewe hadi kwenye uwanja waliomfyekea. Mabenchi yakarudishwa. Mikungu iliyokatwa ikakamuliwa rubisi vilevile, watu wakanywa wakicheka. Kwa mzee Kamugisha dawa hazikuhusika. Kwake yeye mambo yalikuwa wazi: mtu alisamehe, akapona. Jumapili ya kwanza baada ya kupata nguvu, Yustasi alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Jumapili iliyofuata akaalikwa kanisa la Mabira, akapelekwa kwa bodaboda akiwa amefungwa shuka kifuani asipigwe na upepo. Huko alipewa kiti cha mbele na soda mbili.

Lazima tuseme ukweli, hata kama unauma: alipona kweli. Usingizi ulirudi. Sauti ya kufoka iliyokuwa inatawala ile nyumba ikapotea, na siku nyingine alishukuru hata kwa chakula. Miaka yote alikuwa mtu aliyeporwa, na mtu aliyeporwa hana raha popote akaapo. Sasa alikuwa mtu aliyesamehe. Hadithi ni ileile, mke ni yuleyule, barua ni ileile, ila mwisho aliubadilisha akapata pa kukaa. Alinenepa mashavu.

Na Placida? Aliyesamehewa lazima alikosa. Kabla ya hapo lile jambo lilikuwa soga ya mume mlevi, watu wanacheka wanasahau. Sasa lilikuwa limeombewa. Mackrine, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake, alikuja na wenzake wawili, wakakaa, wakasifu migomba, wakasema wamefikiria mama Gosbert apumzike. Walimaanisha lile sanduku la nyaraka za kikundi, ambalo Placida alikuwa amelitunza miaka tisa bila karatasi hata moja kupotea. Alijifunza kusoma kwenye elimu ya watu wazima Gosbert akiwa mgongoni, na alijifunza kwa hasira, mpaka mwalimu akashangaa. Wanawake wale walilijua hilo. Wakabeba sanduku.

"Siyo kwamba hatukuamini," Mackrine alisema akiwa mlangoni. Hakuna aliyekuwa amesema neno kuamini mpaka hapo.

Kwenye kuuza kahawa kijana mmoja wa mizani aliwaambia wenzake wafiche risiti, mama wa barua anakuja. Placida alitabasamu. Safari iliyofuata akamtuma Vero. Gauni la kanisani likaanza kumpwaya, na usiku alilala macho wazi kando ya mume anayekoroma kwa amani. Zahanati walimpima wakakuta presha iko juu. Muuguzi alimuuliza kama ana mawazo.

"Mawazo ya nini," Placida alijibu, "na mume wangu amepona?"

Kisha akasubiri dawa zake.

Mwezi wa tatu wa kupona kwake Yustasi, wote watatu walikuwa uwanjani wanachambua kahawa iliyokauka. Vero alikuwa upande mmoja wa turubai, wakwe zake upande mwingine. Yustasi alikuwa anapanga safari ya kwenda kutoa ushuhuda Karagwe, anauliza shati lipi. Placida alisema bila kuinua kichwa.

"Ile bahasha ilikuwa imefunguliwa, Yustasi."

"Bahasha ipi?"

"Uliifungua mwenyewe. Uliisoma ukaja kunisomea na mimi, na orodha ya vitu: godoro, ndoo, blanketi, jembe, nauli. Ukaenda kumwomba baba yako auze ng'ombe mmoja. Akakataa. Alisema ng'ombe hauzwi kwa ajili ya godoro."

Yustasi aliacha kuchambua. Alikuwa anamtazama kama mtu anayesikia habari za kijiji cha mbali.

"Ulinifuata zizini ukalia," Placida aliendelea. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, mikono inatenganisha nzima na mbovu. "Ulinilowesha kanga. Ulisema kesho wenzako wanakuja kukuaga, utawaambiaje kwamba baba yako amekataa, na wao wazazi wao wameuza mpaka mbuzi? Nikakwambia sema ni mimi. Watu watacheka siku mbili yaishe. Uji wa muhogo ulikoroga wewe. Na kuigeuza kichwa chini ilikuwa akili yako, ulisema wataamini zaidi."

Vero alikuwa ameshika kahawa mkononi, hatupi, haweki. Alimwangalia baba mkwe wake akitafuta dalili ya mtu aliyeshikwa. Hakuiona. Yustasi hakuwa anajifanya. Alikuwa ameisimulia ile habari miaka mingi mpaka ikala ile nyingine, zizi na ng'ombe na kilio, ikamaliza.

"Placida," alisema kwa upole, ule upole wake mpya, "usianze tena. Mimi nilishakusamehe."

Akaendelea kuchambua. Baada ya muda kidogo akauliza tena kuhusu shati.

Vero aliivizia nafasi akamkuta mama mkwe wake bombani. Aliuliza barua iko wapi. Placida alisema iko palepale, itakwenda wapi? Nyumba yao ya kwanza, ya udongo, ndiyo stoo ya kahawa siku hizi.

Vero alikwenda na kitambaa kibichi. Alisogeza magunia, akafuta masizi polepole kwenye ule ukuta wa ndani, magazeti yakitokea vipande vipande, hadi akaikuta. Ilikuwa imeliwa na mchwa upande mmoja, kahawia, kichwa chini. Vero aliinamisha shingo akasoma jina la Yustasi Kahigi, tarehe ya kuripoti, halafu orodha. Kando ya ndoo palikuwa na alama ya vema kwa penseli. Kando ya jembe, alama. Godoro na blanketi na nauli havikuwa na kitu. Aliziangalia zile alama kwa muda mpaka akaelewa kilichomsumbua: zilikuwa zimepinduka pamoja na barua. Aliyezitia aliishika mkononi, imesimama sawasawa, anahesabu vitu alivyonavyo na vilivyopungua.

Hakumwambia Placida. Hilo ndilo kosa lake, kama ni kosa. Alikuwa na hasira ya ujana, ile inayodhani karatasi inatosha.

Jumamosi mzee Kamugisha alileta wageni wa Mabira, watu watano, wamesikia ushuhuda wanataka kumwona mwenyewe nyumbani kwake. Walipomaliza kula, Vero alisema kwa adabu zote kwamba barua yenyewe ipo, kama wazee wangependa kuiona. Gosbert alimtazama mkewe, hakuelewa. Yustasi alifurahi sana. Alitangulia yeye.

Ndani ya stoo waliguna kwa mshangao. Kumbe kweli! Na kichwa chini, kama alivyosema! Simu zilitolewa, picha zikapigwa, mama mmoja aliugusa ukuta kwa ncha ya kidole. Placida alikuwa amewafuata na beseni la kunawa, amesimama mlangoni. Alipoona ukuta umefutwa alimtafuta Vero kwa macho.

"Wazee," Vero alisema, "na hizi alama za penseli je? Zimetiwa kwenye vitu ambavyo tayari vilikuwepo. Aliyezitia alikuwa ameisoma."

Kamugisha alivaa miwani. Yustasi naye akasogea, akainamisha shingo. Alikaa hivyo, ameinama, muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma maneno matano. Aliponyanyuka mdomo ulikuwa umemlegea na rangi imemtoka. Mgeni mmoja akamwuliza kama anajisikia vibaya.

"Hizo nilizitia baadaye," Yustasi alisema. "Nilipoikuta ukutani. Kwa uchungu."

"Ulisimama kichwa chini, baba?"

"Vero!" Gosbert alisema.

Lakini neno lilishatoka na mzee Kamugisha si mjinga. Aliitazama barua, akageuza kichwa, akaitazama tena. Kisha akamgeukia Placida pale mlangoni. Alimwambia kwa heshima, kwa mara ya kwanza baada ya miezi kadhaa, kwamba yeye ndiye aliyekuwepo siku ile, aseme ilikuwaje.

Watu wote waligeuka. Hapo ndipo Placida angeweza kurudishiwa jina lake, kanisa likisikiliza, ushahidi uko ukutani, na hakuna mtu anayekufa. Vero alimkazia macho akimsihi.

Placida alikuwa anamtazama mumewe. Uso wa Yustasi ulikuwa umefanya kitu ambacho ni yeye tu angeweza kukitambua. Ulikuwa ule wa zizini, wa kijana wa miaka ishirini na miwili anayeuliza kesho atawaambia nini wenzake.

"Ni kama alivyosema," Placida alisema. "Sikujua kusoma."

Pumzi zikatoka. Kamugisha akavua miwani. Mama wa Mabira alimshika Placida bega akamwambia Mungu ni mwema, mume mwenye moyo kama huyu hapatikani, na Placida akaitikia. Aliwapa wageni maji wakanawa utando wa vumbi mikononi, mmoja mmoja.

Vero alimfuata jikoni. Alikuwa analia kwa hasira na hakujificha.

"Kwa nini, mama? Ulikuwa umeshinda."

Placida alichochea moto kwanza. Alisema alichokuwa anataka miaka hii yote ni kimoja, Yustasi akumbuke. Leo alimwona akikumbuka. Kwa hiyo Yustasi anajua, na yeye mkewe anajua kwamba anajua, hata wasipoambiwa Mabira nzima. Alisema hivyo akakaa kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya magoti akajimegea kipande cha ndizi akaanza kula kwa hamu. Vero alimwangalia akitafuna, akajipangusa macho. Alianza kufikiri pengine inatosha.

Wageni waliondoka, bodaboda zikasikika zikipanda mlima. Kisha sauti ya Yustasi ikatoka sebuleni, nzima, haina mtetemo, sauti ya mtu aliyeshiba.

"Vero! Lete daftari. Kuna kitu cha kuongeza hapo kwenye barua. Hizo alama za penseli. Andika kwamba marehemu aliiinamia ile barua ukutani, akatia alama moja moja, machozi yanamtoka."

Vero hakutikisika. Placida aliacha kutafuna. Alikaa na kile kipande mkononi, akakirudisha kwenye sahani, akakifunika.

"Nenda," alisema.

"Mama."

"Nenda kamwandikie. Na uandike vizuri, maana ndiyo itakayosomwa."